Nimekatazwa Kusoma Maktabani

Nafanya kazi maktaba, hapa Musoma mjini, na nimekatazwa kusoma. Ndiyo, hivyo hivyo. Bosi akinikuta nimefungua kitabu mezani anauliza, "Mama mtoto, umekuja kazini au umekuja kusoma?" Kufuta vumbi ni kazi. Kugonga muhuri ni kazi. Kusoma ni uvivu. Na nyumbani nisome saa ngapi? Mwanangu akiona kitabu mkononi mwangu anakivuta mpaka nimnyonyeshe.

Halafu watu wanakujaga: "Dada, nipe kitabu kizuri." Kizuri kipi? Naangalia jalada, nasoma maneno ya nyuma, nabahatisha. Wanafunzi afadhali, wanajua mwalimu kawaagiza nini. Kazi iko kwa wale wanaotaka kusoma tu.

Siku moja akaja mama anayeuza dagaa kule Buhare. Alisimama mlangoni akijinusa mikono.

"Ingia mama, humu hata panya wananuka."

Akacheka kidogo. Alitaka hadithi ya binti yake wa darasa la sita. Baba wa huyo binti alikwenda kuvua kambini, kisiwa cha Rukuba, mtumbwi ukapinduka. Tangu mazishi mtoto haongei na mtu, ila karatasi yoyote iliyofungiwa maandazi anaisoma mpaka mwisho.

"Nipe hadithi yoyote," akasema, "ila asife mtu majini."

Nikachukua yenye jalada la kupendeza kuliko zote, msichana na mbuzi wake. Nikanyoosha mkono nimpe, nikaurudisha. Nilikuwa sijaisoma.

"Mama, kaa hapo kidogo." Nikavuta kiti, nikaanza kusoma.

Bosi akapita. "Umeanza tena?"

"Niko kazini, bosi."

"Kazi gani hiyo ya kukaa?"

"Namtafutia mama kitabu."

"Si hicho unacho! Mpe aende."

Hasira ilinipanda mpaka masikio yakawa ya moto, lakini sikuinua macho. Kurasa za mwisho mbuzi anaingia mtoni, msichana anamfuata, maji yanawachukua wote wawili.

Nikamwekea bosi ukurasa ule mbele yake. "Binti wa huyu mama kafiwa na baba yake ziwani. Nimpe hiki?"

Akasoma amesimama. Hakusema samahani. Alimtazama yule mama, akakirudisha kitabu rafuni mwenyewe.

Cha pili kilihusu fundi cherehani mwongo, aliyeahidi mtaa mzima nguo za Krismasi. Nilikisoma chote pale pale, nikicheka kwa sauti, bosi yuko karibu anajifanya kupanga magazeti. Hakuna mto. Hata mvua hainyeshi. Nikagonga muhuri.

"Una hakika, mwanangu?" mama akauliza.

"Nimekisoma, mama. Mwishoni fundi anakimbizwa na bibi harusi mpaka stendi, hadithi inaishia hapo. Hafi mtu."

Akakizungushia kanga, akatoka haraka kama mtu anayewahi kufika nyumbani.

Bosi akasogea. "Sasa huyo bibi harusi alimkamata?"

Nikamwambia asubiri kitabu kirudi, akisome. Nilikuwa bado nimemkasirikia.