Safari Niliyoikanseli

Dereva wa teksi niliyomwitia mama yangu kwa app alinipigia simu akiwa tayari amembeba pale Mountain View. "Madam, kanseli hiyo safari. Mum nitakuletea salama, utanilipa mimi mwenyewe, hawa wenye app wasinikate kamisheni." Nairobi hayo ni mambo ya kila siku. Nilikuwa jikoni kwangu Kileleshwa, mikono imejaa unga. Nikagusa simu kwa kidole cha mwisho, nikakanseli, nikarudi kwa chapati zangu.

Gari lilipinduka Waiyaki Way likikwepa shimo. Dereva alitoka na mkwaruzo wa paji la uso. Mama alivunjika nyonga, na upasuaji wa kwanza haukushika. Daktari akasema bila wa pili hataachana na magongo maisha yake yote. Sisi pesa zake tungezitoa wapi? Tumaini letu lilikuwa bima ya abiria wa ile app.

Haki yake nimpe dereva: alikuja wodini kila Jumapili na matunda, akamwombea. Mama alimwita mwanangu. Mimi nilimwita jina ambalo siliandiki hapa.

Watu wa bima wakasema hawamjui abiria huyo, kwao safari ilifutwa kabla gari halijatoka getini. Basi, ukistaajabu ya Musa. Wakili wetu, mwanamke mpole mwenye ofisi katikati ya jiji, akasema limebaki jambo moja: dereva akiri kwamba alimchukua mama kupitia app, tupate pa kushikia.

"Atakiri," mama akasema. "Yule ana Mungu."

Siku ya kuhojiwa, dereva alikuja kwa wakili amevaa suti. Mtu wa bima akamuuliza huyu mama alikuwa nani ndani ya gari lake. Akaangalia viatu vyake. Akikiri, wenye app wangemfungia kwa kuwaruka, na gari lilikuwa la mkopo. Nilijua hayo yote, na sikumwonea huruma hata chembe.

"Nilimpa lifti tu," akasema. "Tunajuana kanisani."

Nilitaka kumzaba kofi. Mama akanishika mkono.

Lifti ya jengo ilikuwa imeharibika, tukashuka ngazi polepole, magongo yakitangulia. Chini tulimkuta dereva mlangoni, macho mekundu.

"Mum, niwapeleke nyumbani. Bure kabisa."

Mama alimtazama usoni. "Asante, mwanangu. Wewe ulishanipa lifti."

Kisha akanigeukia mimi.

"Niitie gari. Na hii usikanseli."