Ferri ya Mchanga

Gari likirudi nyuma je? Swali lenyewe lilikuwa fupi hivyo, lakini kwa wiki tatu liliniamsha kabla ya jogoo wa mama, na jogoo wa mama huamka mapema kuliko watu wa maombi ya alfajiri.

Nilikuwa nimemaliza chuo na kupata kazi katika ofisi moja mjini Wote. Kabla ya kuripoti nilikuwa na siku kumi ambazo hazikuwa za mtu mwingine. Nilitaka nizitumie kuendesha gari kando ya bahari, kuanzia Shimoni kule kusini hadi Malindi, peke yangu. Hilo neno la mwisho ndilo lililokuwa muhimu. Nilikuwa na miaka ishirini na minne na sikuwa nimewahi kufika mahali ambapo mtu mwingine hakuwa amenipangia. Shule alipanga baba. Kozi zilipanga alama. Kambi za vijana lilipanga kanisa. Hata chumba cha chuoni nilipangiwa pamoja na mtu aliyekoroma.

Basi nikanunua daftari nikaanza kupanga mwenyewe. Kufikia ukurasa wa kumi na saba sikuwa nimetoka kwenye geti la nyumbani kwetu, nje kidogo ya Migwani. Kulikuwa na ukurasa wa tairi ya akiba, na ukurasa wa tairi ya akiba ikipasuka. Kulikuwa na ukurasa wa nyani wa Diani wanaonyang'anya watu chakula. Kulikuwa na ukurasa wenye kichwa "Wakicheka Kiswahili changu", kwa sababu kwetu Kikamba ndicho kinachotangulia na Kiswahili hufuata kikihema. Mama aliusoma huo ukurasa nikiwa bafuni. Tangu siku hiyo kila asubuhi alinisalimu kwa sauti ya puani: "Waambaje, bwana wa pwani? Chai u tayari kuinywa ama tukuletee madafu?"

Ukurasa wa mwisho ulikuwa wa Likoni, kivuko cha Mombasa, na huo ulitokana na baba. Baba ni mwalimu mstaafu, na hadi leo hueleza kitu chochote kama anayefundisha darasa la nne. Nilipotaja safari wakati wa chakula cha jioni, aliweka kijiko chini.

"Kuingia kwenye ferri si shida, unateremka," alisema. "Kazi ni kutoka. Kutoka ni mlima. Magari yamepangana bampa kwa bampa. Mbele yako lori. Nyuma yako basi. Nyuma ya basi ni nini?"

"Bahari," nilijibu, nikaacha kula.

"Huyu alipita hapo mara moja," mama alisema, "akiwa abiria, tena amelala."

Lakini baba alikuwa amegusa mahali penyewe. Nilikuwa na leseni, ndiyo, ila mlimani gari lilikuwa halinisikii. Mwezi mmoja nyuma, kwenye mwinuko wa kinu cha kusaga, Probox ya baba ilizima, ikarudi nyuma taratibu mpaka ikaegemea ua wa kanisa. Wamama wa kwaya walikuwa wakifanya mazoezi. Walimaliza ubeti kwanza, kisha wakacheka.

"Gari ni langu," baba akaendelea. "Jumamosi ya wiki ijayo nitakutahini. Ukiondoka mlimani bila kurudi nyuma, nenda peke yako. Ukishindwa, dada yako atakuendesha."

Dada huyo ni binti ya ami yangu. Ananizidi miaka mitatu na anaendesha boza la maji, lile gari kubwa la tangi, kutoka kwenye visima hadi kwenye mashule na sherehe za harusi. Yeye hurudi nyuma na tani za maji kwenye vichochoro ambavyo mimi hupita kwa miguu nikijiuliza kama nitatosha.

"Niende mbali hivyo kuangalia maji?" alisema alipoambiwa. "Maji si ndiyo nabeba kila siku?" Kisha akafikiria kidogo. "Lakini nikienda, mimi sisimami kila mahali kupiga picha. Tutafika Malindi siku hiyo hiyo, turudi."

Nikaona siku zangu kumi zikigeuka moja, na mimi niko kiti cha abiria nimeshika daftari.

Kwa bahati nzuri, aliyekuwa tayari kuchukua usukani wangu ndiye pia aliyekubali kunifundisha. Alinipeleka mtoni. Mto wetu ni mchanga mtupu karibu mwaka mzima. Maji yamejificha chini, na akina mama huchimba visima vidogo vya mchanga na kuchota kwa kikombe, punda wakisubiri pembeni na jerikani zao za manjano. Malori ya mchanga yamechonga njia ya kupanda kutoka pale chini hadi barabarani, kali hivi kwamba mtu akiipanda hushika magoti.

"Huku kwenye mchanga ni ferri," dada alisema. "Pale juu ni Likoni. Shuka uingie, tugeuze, halafu utoke kama watu."

Siku ya kwanza nilizima injini mara nne. Mara ya tano niliachilia breki mapema, gari likateleza kinyumenyume hadi mchangani, na punda wawili wakakimbilia ng'ambo na mizigo yao.

"Ferri imezama!" akapiga kelele mama mmoja.

"Abiria, kila mtu ashike mtungi wake!" mwingine akadakia.

Mkubwa wao, ambaye sote tulimwita Mwaitu, yaani mama, alikuja hadi kwenye dirisha langu akapangusa mikono kwa leso. "Mwanangu," alisema kwa upole, "punda wangu hajui kuogelea. Ukitaka kumwua, niambie mapema nitoe maji yangu."

Tangu siku hiyo mazoezi yakawa na watazamaji. Wengine walichelewesha kujaza maji kwa makusudi. Dada alisimama nje ya dirisha, mkono juu ya paa.

"Shida yako unafikiria miguu yote miwili," alisema. "Acha miguu. Sikiliza injini. Achilia klachi polepole mpaka ibadilishe sauti, kama mtu amewekewa mzigo mgongoni. Hapo, shika hapo hapo. Sasa ndiyo uteremshe hendibreki."

"Na nikisikia sauti ikabadilika halafu ikarudi?"

"Haitarudi."

"Na nikipiga chafya katikati?"

"Profesa," alisema, "piga chafya kabla."

Kufikia Alhamisi nilikuwa napanda mara moja katika kila mara tatu. Nilihesabu kwamba Jumamosi ingenibidi kuwa na bahati, na sikuwa na ukurasa wa bahati.

Ijumaa nilikwenda mjini Kabati kuongeza upepo wa magurudumu. Kwenye hoteli ya jirani alikaa dereva wa lori la mbuzi, mzee wa Kiislamu kutoka upande wa Garissa ambaye hupita pale kila wiki akishusha mifugo hadi pwani. Nilimsalimu, nikamuuliza, kama nilivyomuuliza kila mtu aliyewahi kufika Mombasa, jinsi mlima wa Likoni ulivyo.

"Unakwenda wapi kwanza?"

"Diani, kisha Shimoni."

"Sasa ferri ya nini, kijana?" Alipuliza chai yake. "Kuna barabara ya Dongo Kundu siku hizi. Kabla hujaingia kisiwani unachepuka kulia, unavuka juu ya madaraja, unatokea Kwale. Hakuna foleni. Hakuna mlima wa maana. Mbuzi wangu hawajaona ferri tangu barabara hiyo ifunguliwe."

Nililipekua daftari langu kurasa zote kumi na saba. Nilikuwa nimeandika hatua za kuchukua kama nyani ataingia kwenye gari. Barabara sikuiandika.

Nyumbani habari hiyo ilipokelewa kama msiba mdogo. "Imejengwa lini?" baba aliuliza, kwa sauti ya mtu ambaye alistahili kuombwa ruhusa.

"Basi hakuna mtihani," mama alisema. "Mtoto aende."

"Na mimi nimeshanunua kofia," dada alisema. Kweli alikuwa nayo mapajani, ya ukindu, yenye ukingo mpana.

Nilipaswa kufurahi. Swali la wiki tatu lilikuwa limejibiwa na mtu anayekunywa chai. Lakini asubuhi niliamka tena kabla ya jogoo, na swali lilikuwa limevaa nguo nyingine: sasa nitajuaje kama ningeweza? Nililala hapo nikijaribu kulipuuza. Mimi si hodari wa kupuuza. Kulipopambazuka nilimkuta baba nje akinyoa.

"Baba, twende mtoni."

Alinitazama kwenye kioo, povu shavuni. "Ukifanya mtihani, matokeo ni matokeo. Sitasema kulikuwa na Dongo Kundu. Ukishindwa, kofia inakwenda pwani."

"Najua," nilisema, nikaenda kuleta ufunguo wa gari.

Mtoni tulikuta watu wengi kuliko ibada ya katikati ya wiki. Mwaitu alikuwa ameleta jerikani tupu. Aliniagiza nisimamishe gari katikati ya mlima, akaiweka jerikani nyuma ya gurudumu, umbali wa kiganja. "Basi lako hilo," alisema. "Ndani mna watu. Usiwaue."

Nilifunga mshipi. Nikaachilia klachi polepole. Sauti ikabadilika, ikawa nzito. Nikateremsha hendibreki, na papo hapo gari likarudi nyuma. Kidogo tu. Nilisikia plastiki ikilia chini yangu, kakarakaka, na akina mama wote wakavuta pumzi pamoja. Sikufikiria miguu. Nilikanyaga mafuta, gari likanguruma, likatimua mchanga, likapanda, na nilipokuja kupata akili nilikuwa barabarani juu, nimewasha waipa za kioo, sijui kwa nini.

Nilipoteremka kwa miguu walikuwa wanabishana tayari. Baba alikuwa amepiga goti mbele ya jerikani kama anayekagua insha.

"Imepinda," alisema.

"Imepinda, haijapasuka," dada alijibu.

"Lakini gari lilirudi nyuma. Sharti lilikuwa lisirudi."

"Kwa hivyo huyo wa kwenye basi amekufa au ameumia goti?"

Mwaitu aliichukua jerikani, akaenda kisimani, akainama na kuijaza kikombe baada ya kikombe, nasi sote tukasubiri. Kisha aliiinua juu ya kichwa cha baba na kuigeuzageuza huku na huku. Baba alitazama juu. Hakuna tone lililomwangukia.

"Haivuji," Mwaitu alisema. "Mwacheni aende."

Baba alisimama, akakung'uta goti. "Hamsini na moja," alitangaza. "Juu ya mia." Ndiyo alama ya chini kabisa niliyowahi kupewa, na ndiyo pekee niliyowahi kusimulia.

Dada alinivisha kofia. "Ukipita Dongo Kundu nitajua."

"Utajuaje?"

"Utarudi na shati kavu."

Mwaitu naye alimwaga maji yale kwenye karai la punda, akanipa jerikani iliyopinda. Nimletee maji ya bahari, alisema, ya kukanda miguu.

Niliondoka Jumatatu asubuhi, mama akiniaga kwa sauti ya puani mpaka ikamshinda akaendelea kwa Kikamba. Nikapita Kitui, nikashika barabara ya Kibwezi, nikaingia ile ya Mombasa katikati ya malori, jerikani ikibiringika nyuma kila nilipokanyaga breki. Nilizungumza nayo kidogo. Hakukuwa na mtu wa kusikia.

Mchana nilifika mahali ambapo kibao kinaonyesha njia ya kuchepuka kulia. Barabara ile ilikuwa pana na karibu tupu. Tangu Ijumaa ile, kwenye daftari nilikuwa nimeichora kwa rula na kuikoleza kwa wino mwekundu. Niliwasha indiketa ya kulia. Ikalia tik, tik, tik. Nikaizima, nikanyoosha usukani, nikaendelea moja kwa moja hadi mjini.

Likoni ilikuwa vile baba alivyosema, hata kama alikuwa amelala. Lori mbele, basi nyuma, na mlima katikati. Foleni ya kutoka kwenye ferri ilisimama nikiwa kwenye mwinuko wenyewe, shati limenishika mgongoni kwa jasho. Nilipiga chafya ya uongo, ili niwe nimeimaliza. Lori likasogea. Nikasikiliza mpaka sauti ikabadilika, nikateremsha hendibreki, na nyuma yangu jerikani ya Mwaitu ikabiringika ikagonga mlango wa buti. Ndicho kitu pekee kilichorudi nyuma.