Shangazi aliyegoma kumwacha bibi wa ghorofa ya nne

Saa kumi na moja alfajiri, jikoni kunasikika tik, tik, tik-tik-tik, kisha kimya, kisha tik tena.

"Miezi ya mwanzo nilidhani ni panya," anasema baba mwenye nyumba, fundi wa kuchomea vyuma aliyestaafu, huku akimimina chai. "Nikaenda kununua mtego. Kumbe ningemnasa mke wangu!"

Mke wake amekaa mezani, macho ameyafumba, mikononi ameshika padi ya kuchezea gemu. Haijaunganishwa na kitu chochote. Anabonyeza vitufe huku midomo ikihesabu.

"Nalainisha vidole," anaeleza. "Nina miaka hamsini na saba. Nikifika kazini vidole vikiwa baridi, naungua kabla ya ghorofa ya pili."

Kazi yake ni kujaribu michezo ya kompyuta kabla haijauzwa. Ofisini wote wanamwita Shangazi. Kila siku anaingia kwenye jengo linalowaka moto, anapanda ngazi, anaanguka, anaandika kwenye daftari alivyoanguka, halafu anapanda tena. Mpaka asubuhi hii, kwa mujibu wa daftari hilo, ameungua mara mia nne na kumi na mbili.

Mchezo wenyewe umetokana na filamu tatu za Kikosi cha Ngazi, kuhusu wazimamoto wa mtaa mmoja na kiongozi wao, mwanamke anayeitwa Sajini. Walioziona wanakumbuka filamu ya pili: Sajini anaiokoa familia nzima, lakini bibi wa ghorofa ya nne anabaki ndani. Watu walitoka ukumbini wakifuta machozi.

Hapo ndipo Shangazi alipo na kesi. Katika mchezo, kama ilivyo kwenye filamu, mlango wa bibi haufunguki. Yeye anataka ufunguke. Leo saa sita mchana mwakilishi wa wenye filamu anakuja kutia saini, na baada ya saini hakuna kitakachobadilishwa.

"Wameshanikatalia mara mbili," anasema na kumaliza chai yake kwa mkupuo. "Leo ya tatu."

Mumewe amekwisha kukagua mkoba wa mkewe kuona kama miwani imo. Anaukagua tena.

*

Ofisi iko ghorofa ya tatu, juu ya duka la viatu. Ni chumba kimoja kirefu chenye meza saba na mapazia yaliyofungwa ili mwanga usiharibu picha. Nyaya za sakafuni zimebandikwa kwa utepe mpana. Zamani hazikuwa zimebandikwa; siku moja Shangazi alijikwaa, kesho yake akakuta kazi imefanyika, na mpaka leo hakuna aliyejitaja.

Vitufe vya padi yake vimepakwa rangi ya kucha, chekundu cha kuruka, cha kijani cha kushika. Hiyo ni kazi ya mkuu wa mradi, mwanamke wa miaka thelathini na kitu ambaye Shangazi humwita Bosi Mdogo.

Shangazi aliingia chumba hiki kwa mara ya kwanza akiwa na ndoo na fagio. Alikisafisha miaka minne, na mshahara wake ulikuwa ukiisha tarehe kumi na nane ya kila mwezi. Asubuhi moja alikuwa akipiga deki nyuma ya kiti cha fundi wa programu, kijana mrefu wanayemwita Miwani. Kwenye kioo cha kompyuta, Sajini aliruka ukuta akiwa na ndoo mkononi.

"Nikamuuliza, 'Mwanangu, hiyo ndoo ina maji au ina upepo?'" anakumbuka. "Maana mimi nikiruka hata kizingiti tu, naloana mpaka magoti."

Miwani alicheka, akaacha kucheka, akaandika. Wiki iliyofuata walimvutia kiti awe mjaribu.

"Sisi tulikuwa tunaangalia kama mchezo unafanya kazi," anasema Miwani. "Shangazi anaangalia kama unasema kweli."

Leo analipwa zaidi ya mara mbili ya alichopata kwa kusafisha. "Sasa mshahara unauvuka mwezi ukitembea," anasema. "Zamani ulikuwa unaburutwa."

*

Saa mbili unusu anawasha mchezo. Mara moja mgongo unanyooka, na miaka yake hamsini na saba inamtoka.

"Shika hapa! Shika!" Anautoa mkono mmoja ili mgeni, mwandishi wa makala haya, aguse padi. "Unasikia? Huo ndio uzito wa mpira wa maji. Ukifungua maji mengi, unatetemeka mpaka kwenye kiwiko. Filamu haiwezi kukupa hiyo. Kwenye filamu unakaa tu na bisi zako."

Anapenda mengi. Anapenda moshi, ambao hauji kama pazia bali unatambaa chini ya milango kwanza. Anapenda kwamba sauti ni za waigizaji wale wale. Anapenda mtaa: kwenye filamu gari la zimamoto linaupita kasi, lakini hapa mtu anaweza kusimama, akachungulia dirishani, akaona nguo zimeanikwa na mtoto anafanya hesabu.

Zaidi ya yote anapenda ngazi. Wachezaji ni wawili. Mmoja anapanda, mwingine anashikilia. Anayeshikilia akiangalia pembeni, mwenzake anadondoka. "Watu watagombana na watapatana kwenye hii ngazi," anasema huku akicheka. "Ndoa zitapimwa hapa!"

Lakini daftari lake lina pande mbili, na upande wa makosa umejaa.

Gari, anasema, linateleza kama kipande cha sabuni. Maandishi ni madogo kama maelezo ya dawa. Sajini ana mzaha mmoja mzuri kwenye filamu ya kwanza. Humu anaurudia kila anapofungua bomba. "Mara ya kwanza nilicheka. Mara ya arobaini nilitamani nimzibe mdomo."

Tena mchezo unasimama mara kwa mara ili kuonyesha vipande vya filamu. "Nacheza dakika tatu, natazama dakika tano. Nimekuja kuzima moto au nimekuja kukaa?"

Miwani anainua mikono juu. "Hayo tumerekebisha, Shangazi! Gari kidogo bado."

"Kidogo? Jana nimeingia nalo sebuleni kwa watu."

Chumba kizima kinacheka. Kisha anafika ghorofa ya nne, na hakuna anayecheka.

*

Sajini yuko kwenye korido. Familia imeshashuka. Nyuma ya mlango wa mwisho bibi anakohoa. Shangazi anabonyeza kitufe cha kijani. Mlango haufunguki. Baada ya sekunde chache mchezo unamgeuza Sajini kwa nguvu na kumtembeza mpaka kwenye ngazi.

"Umeona? Wamenishika mabega!" Ameweka padi chini. "Kwenye filamu, Sajini ndiye aliyemwacha. Mimi nililia, nikamsamehe, nikaenda nyumbani. Hapa mikono ni yangu. Mimi ndiye ninayemwacha."

Wakati watoto wake wawili wakiwa wadogo, Shangazi alikuwa akitoka nyumbani kabla ya alfajiri kwenda kusafisha maofisi. Jirani wa ghorofa ya juu, mama mtu mzima asiyekuwa na undugu naye, alikuwa akishuka na kanga yake kuwalinda mpaka waende shule. Alifanya hivyo miaka sita bila kudai hata sabuni.

"Sasa uniambie mlango kama ule niupite," anasema. "Kidole changu hakikubali."

Bosi Mdogo anamwelewa, lakini mkataba unasema hadithi ya filamu isibadilishwe. "Nimeandika barua mbili," anasema kwa sauti ya chini. "Zote zimerudi na neno moja."

*

Mwakilishi anafika mapema, saa tano na robo. Ni mzee mpole mwenye shati lililopigwa pasi vizuri, na ndiye aliyeshiriki kuiandika filamu ya pili. Anamsalimia kila mtu kwa mkono, hata fundi wa umeme aliyeko juu ya ngazi.

"Nimesikia kuna mama ana ugomvi na mimi," anasema.

"Hakuna ugomvi, baba," Shangazi anajibu. Anamwachia kiti chake na kumpa padi. "Cheza tu. Chekundu ruka, kijani shika."

Mzee hajawahi kucheza. Anaungua mara tano kabla ya ghorofa ya pili, na Shangazi anamshangilia kila anapofufuka. "Sasa hivi ulikuwa karibu! Inama, baba, moshi uko juu! Hapo hapo!" Jasho linamtoka. Watu wanaacha meza zao na kusogea.

Anafika kwenye korido. Bibi anakohoa.

Mzee anabonyeza kitufe cha kijani. Hakuna kitu. Mchezo unamgeuza Sajini; yeye anamrudisha mlangoni. Unamgeuza tena. Anamrudisha tena, safari hii amesimama kabisa, kiti kimerudi nyuma na kugonga meza.

"Funguka basi!" anasema.

Sajini anashuka ngazi. Mzee anatazama mikono yake.

"Mimi ndiye niliyeufunga ule mlango," anasema taratibu. "Niliandika mwenyewe, mezani, kwa kalamu. Sikujua."

Shangazi anamsogezea glasi ya maji.

Mzee anatoka kuwapigia simu wenye filamu. Wanamwona kupitia kioo cha mlango akienda na kurudi, akinyoosha kidole hewani kana kwamba bado anabonyeza. Saa sita kasoro dakika nane anaingia. Mchezaji asiyerudi mlangoni, anasema, hadithi imwendee kama kwenye filamu. Atakayerudi apewe sekunde arobaini, mlango ufunguke, na bibi atoke. Saini isubiri siku nne.

Miwani anapiga kelele kama mtu aliyefunga bao. Bosi Mdogo anamkumbatia Shangazi, na wote wawili wanayumba mpaka kwenye pazia, ambalo linadondoka, na jua la mchana linaingia chumbani.

*

Siku nne baadaye kazi imekwisha. Shangazi ameucheza mlango ule mara thelathini na moja. Mara ishirini na nane bibi ametoka. Zile tatu, anakiri, aliangalia saa ya ukutani.

Sasa anapanga kuomba meza ya wajaribu waliovuka miaka hamsini. Wanawake wawili wa jengo lake wamekubali: mmoja alikuwa mpokea simu hospitalini, mwingine fundi cherehani. "Vijana wanajua kushinda," anasema. "Sisi tunajua pale mtu anaposita."

Mumewe amekataa. Anasema moto alioutazama kazini miaka thelathini unamtosha.

Mchezo utaingia madukani mwezi ujao. Mlangoni, akimsindikiza mgeni, Shangazi bado anazungumza, mikono haitulii.

"Siku hiyo njoo tena, usiseme una kazi. Tutacheza wawili. Mimi nitapanda, wewe utashikilia ngazi. Lakini usije ukaangalia pembeni! Utakuja, eh? Niambie utakuja."