Mzizi wa Mofu Usiotaka Chuma

Sababu ya safari ile ilikuwa titi la dada yangu Skolastika. Kazini waliamini wamenituma wao, na kweli walinituma, lakini mimi nilijua nakwenda Mofu kwa ajili ya nani.

Miaka hiyo ya tisini nilikuwa mtumishi wa maabara moja ya Dar es Salaam iliyochunguza miti shamba. Tulisaga mizizi na magome, tukaloweka kwenye spiriti, tukachuja, kisha tukapeleka kwa wenzetu ng'ambo waliokuza seli za saratani kwenye vyombo vya kioo. Mzizi mmoja wa njano kutoka Mofu, kwenye bonde la Kilombero, ulitutia moyo. Seli za saratani ya titi zilipowekewa maji yake, ziliacha kuhama. Na ugonjwa huo mara nyingi hauui kwa uvimbe wa kwanza, unaua kwa kuhamia kwenye mapafu, ini na mifupa. Mzizi ukatuishia kabatini, nikaambiwa nikalete mwingine.

Dada, ambaye nilikaa naye Temeke, alikuwa ameshaambiwa na daktari akubali upasuaji bila kuchelewa, maana uvimbe ulikuwa unapapaswa hadi kwapani. Aligoma.

"Wazungu wapelekewe mzizi wa kwetu, mimi niliyezaliwa kule nipelekewe kisu?" aliniuliza nikifunga begi. "Niletee na wangu. Nikishaunywa ndipo tuzungumze habari za daktari."

Nilimweleza kwamba kioo si mwili, na kwamba hata spiriti tupu huua seli kwenye kioo. Akaniambia nisisahau kuchukua kanga ya kujifunika. Niliondoka na hofu.

Ndani ya treni, tulipokuwa tunapita kwenye pori la wanyama, abiria wenzangu walirundikana madirishani kutazama twiga. Mimi nilibaki kwenye kiti nikiwaza kwapa la dada. Kila treni iliposimama bila sababu nilikasirika, kana kwamba dereva naye anauchelewesha ule upasuaji.

Ifakara nilifika nimechoka, nikalala kwenye nyumba ya wageni Lipangalala. Asubuhi nilipata gari la mizigo lililokuwa linaelekea Mofu. Mvua zilikuwa zimekwisha lakini njia bado ilikuwa tope, na kabla hatujafika gari likazama. Aliyenichukua pale ni Masanja, Msukuma mmoja aliyekuwa akisomba mpunga kwa mkokoteni wa ng'ombe. Aliniuliza ninakotoka na ninachotafuta. Nikamwambia tu nina mgonjwa, ana uvimbe kwenye titi.

"Ng'ombe wangu akivimba kiwele napasua mapema, dada," alisema huku akiwachapa wanyama wake. "Nikisubiri, namkosa."

Hakujua alivyonichoma.

Mofu, Bibi Matrida nilimkuta uani anapepeta mchele. Ndiye aliyetupatia mzizi wa kwanza.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Umerudi? Ule mwingine mmeumaliza?"

Nilimweleza yote, ya maabara na ya dada. Aliweka ungo chini, akachukua kijiti kigumu kilichochongwa ncha, tukashuka hadi karibu na mto. Jina la mmea alinikataza nisiliandike, nami siliandiki. Alipiga magoti akaanza kufukua taratibu kwa kijiti. Mimi, kwa mazoea ya kazi, nikachomoa kisu cha mfukoni nikate. Alinipiga mkono.

"Weka mbali chuma hicho! Huu hauguswi na chuma. Na anayeunywa naye asiguswe na chuma, hata wembe."

"Mpaka lini, bibi?"

"Mpaka uvimbe upotee."

"Na usipopotea?"

Alifuta udongo mikononi. "Wapo niliowapa wakapona. Wapo niliowapa nikaenda kuwazika. Nikudanganye ili iweje?"

"Na mzizi ukiguswa na chuma?"

"Unakuwa kuni tu. Wa maabara kata upendavyo, wale hawaunywi."

Basi nikafunga mafungu mawili: la maabara kwenye gunia, la dada kwenye jani la mgomba. Fungu la jani lilikuwa dogo, lakini njia nzima ya kurudi ndilo lililonilemea. Dada amelelewa na mama kwa miiko hii hii. Akianza kunywa, hakuna daktari atakayemshawishi aguswe na kisu, na uvimbe hauwezi kuambiwa usubiri.

Lipangalala, asubuhi ya kuondoka, nilikaa kitandani nikafungua jani. Nilimwogopa Bibi, nilimwogopa dada, na zaidi niliogopa kwamba huenda mzizi ule ungemponya kweli, nami ndiye ninayeuharibu. Nikachomoa kisu nikaukata katikati. Kisha nililia, nikanawa uso, nikaenda stesheni.

Dar es Salaam, dada alikuwa ameshachemsha maji. Alipokea fungu kwa mikono miwili, akalifungua, akapitisha kidole palipokatwa.

"Hapa pamepita kisu."

"Ndiyo, dada."

"Bibi Matrida kakata kwa kisu?"

"Hapana. Ni mimi, na nilikuwa najua."

Maji yalichemka mpaka yakaanza kukauka. Niliona machozi yake, sikuthubutu kumshika.

"Kwa hiyo umenisafirishia kuni," alisema hatimaye. "Haya. Daktari wako anaonana na watu siku gani?"

Alipasuliwa. Kama seli zote zilizohama ziliondolewa, hakuna aliyeweza kutuapia, na kutoka ng'ambo majibu ya mzizi yalikuwa bado hayajarudi. Safari ile ilinifundisha kwamba mzizi una muda wake wa kukauka, kusagwa na kujaribiwa, na mgonjwa ana muda wake, na muda huo wa pili ndio mfupi. Kile kipande kilichokatwa dada alikiweka dirishani. Siku moja mkaa ulituishia, nikanyoosha mkono nikichukue.

"Kiache," alisema kutoka kitandani, mkono wake juu ya bandeji. "Siku wakijua kinafanya nini, nataka niwepo."