Viatu Vyangu vya Kuposea

Jamani, niliapa habari hii sitaihadithia, lakini kwa kuwa hapa Bertrams kila mtu anaisimulia kwa namna yake na kila anayesimulia ananiongezea aibu, bora niiseme mwenyewe: mimi Ramadhani, fundi cherehani wa Jeppestown, mtu mzima mwenye mvi zake, nilipitishwa mtaani mchana kweupe nimeketi ndani ya toroli la supamaketi, mguu mmoja unaning'inia nje, na hiyo ndiyo sehemu yenye nafuu.

Chanzo ni Zaituni, Mzaramo anayeuza chakula karibu na uwanja wa mpira. Mimi Mnyamwezi wa Tabora, kwa hiyo ni mtani wangu, na hapo ndipo shida ilipo, maana mtani humwambii jambo akaliamini. Nilimwambia nataka kumuoa akacheka, nikarudia akaniongezea nyama kwenye sahani huku anacheka, mara ya tatu nikasema "Zaituni, leo sitanii" akawaita wateja waje wasikie. Miaka miwili nateseka hivyo. Mwisho akaniambia (alikuwa anamenya vitunguu, sikujua machozi ni ya nini) kwamba babu zangu walitembea kutoka bara mpaka pwani kwao na mizigo mabegani, na mimi napanda teksi hata kwenda kununua uzi, basi nitembee kutoka Pretoria mpaka mlangoni kwake, nikifika atajua sitanii na atanijibu. Mtu mwingine angejua huo nao ni utani. Mimi nilikwenda kununua soksi.

Jumamosi alfajiri nikaanza safari, usiku nikalala Midrand kwa rafiki, Jumapili nikaendelea na malengelenge yangu. Kwenye begi nilikuwa na viatu vya kuposea, vyeusi, vya ncha, visigino vimeinuka kidogo, nia yangu nivivae mlangoni kwake. Lakini nilipofika Orange Grove, kwenye kituo cha mafuta pale Louis Botha, nikawaza, je, akinikuta nimeinama nafunga kamba? Nikavivaa palepale na raba zangu nikazitupa kwenye pipa (nilizitupa, ndugu zangu, na bado njia ipo). Hata hatua mia sijamaliza nikajiona kwenye kioo cha duka, nikasema huyo bwana harusi, nikageuza shingo nijione na upande wa pili, kumbe ukingo wa barabara umeishia hapo. Kisigino kikaenda huku, mimi kule, kifundo cha mguu kikateguka, nikakaa chini mbele ya roboti, yaani taa za barabarani, simu ikaruka barabarani na teksi ikapita juu yake.

Mlinzi wa kile kituo, Papa Ilunga, Mkongo wa Lubumbashi, akanikokota mpaka kivulini. Nikamtajia namba ya Zaituni, ambayo naijua kuliko yangu, nikamwomba amwambie nimeumia mguu, nitachelewa. Sasa kwao gari likiharibika limekufa, redio ikikorofisha imekufa, na mguu nao hivyohivyo. Nilimsikia kwa masikio yangu akisema, "Mama, ule mutu yako Rama alikufa..." kisha akaitazama simu, akasema eish, salio limekwisha. Neno lililobaki lilikuwa "mguu". Mimi kwa maumivu sikutia akilini, nikamwambia si neno, habari ameshaipata.

Akataka kunitafutia teksi nikakataa, siwezi kutembea siku mbili nikaja kuharibu mwishoni. Tukakubaliana toroli la supamaketi lililoachwa pale kituoni (msinicheke, niliona liko karibu na kutembea), na zamu yake ilipokwisha saa kumi akanisukuma mpaka Bertrams.

Kufika kwa Zaituni, viatu vimejaa mlangoni, mikeka imetandikwa uani, Watanzania, Wakongo, Warundi, wote wamekaa. Nikamwambia Ilunga, umeona, amealika watu waje wasikie jibu. Nikafuta jasho, nikaweka kola sawa. Ndipo nikamwona Zaituni katikati ya watu, amevaa koti langu nililolisahau kwake siku ya mvua, anatembea kama mimi, kifua mbele, bega moja limelala, anasema "Zaituni, leo sitanii", na watu wanacheka huku wanajifuta macho. Nikaiachia kola. Kwetu mtani anavaa nguo zako na kukuigiza mbele ya watu waliokaa mikekani siku moja tu, na siku hiyo wewe ni marehemu.

Akafika mwisho wa mkeka akashindwa kugeuka. Akasimama tu, machozi yanamchuruzika, akasema kwa sauti yake mwenyewe, "Angefika tu, ningemwambia ndiyo."

Mwenye akili angekohoa kwanza. Mimi nikasema kutoka ndani ya toroli, "Nimefika."

Mikeka ilibaki mitupu. Mama mmoja wa Kirundi alipanda ukuta ambao mpaka leo hajui aliupandaje, sufuria la chai likamwagika, Ilunga naye akakimbia bila kujua anakimbia nini, akaliachia toroli likateremka nami mpaka likagonga mlango wa choo. Zaituni peke yake hakukimbia. Alinifuata na kandambili mkononi, akanipiga moja begani, moja mgongoni, ya tatu hakuimaliza, akanishika shati akalia.

Watu walipokwisha kunicheka na kuondoka, akaleta beseni la maji moto na chumvi akanikanda mguu. Niliogopa kuuliza. Maneno ya mtani msibani hayashikwi, anasema lolote na kesho analikana, kwa hiyo ile "ndiyo" yake niliisikia lakini sikuwa nayo. Alikanda mpaka kwenye vidole, kisha akasema bila kuniangalia:

"Wenzangu wote waliachwa walie, mimi nikapewa koti niwachekeshe. Nioe, Rama. Siku ukifa kweli nataka nilie kama mke."

Niliitikia kwa kichwa, maji yakapoa mguu ukiwa bado mikononi mwake.

Tulioana. Vile viatu nilimpa Ilunga, havimtoshi, lakini hataki kuvirudisha. Nami nimeapa: nikichelewa dukani hata nusu saa, simwombi mtu anipigie simu, napiga mwenyewe, na Zaituni akipokea hasemi neno mpaka aisikie sauti yangu.