Vumbi la Lori la Ahmad

Mume wangu Tsuma ni mchafuzi wa vitu vizuri. Nalisema mbele za watu naye akiwepo, kwa hivyo si kusengenya. Miaka ishirini na saba alikuwa fundi wa rangi kwenye kambi ya meli Mtongwe, kazi yake kukwangua kutu na kuzipaka meli rangi ya kijivu mpaka zing'ae. Alipostaafu nikasema alhamdulillahi, sasa ukuta wa sebule yangu utapata rangi. Wapi! Alijijengea kibanda uani hapa kwetu Shika Adabu, akaanza kuunda magari ya jeshi na ndege za vita, vidogo vya kuweka mezani, kwa mabati ya makopo ya maziwa, na magurudumu ya soli za ndara. Na vikishapendeza, huvitia kutu.

Sifanyi mzaha. Ile kutu aliyopigana nayo ujana wake wote sasa anaipika. Huchukua waya wangu wa kusugulia sufuria, akauloweka kwenye siki siku tatu, yakatoka maji ya kahawia, akakipaka kifaru kizima. Moshi wa nyuma ya ndege ni wanja wangu wa macho. Wanja! Niliutafuta nyumba nzima siku ya harusi ya Nadira, binti wa jirani, kumbe uko ubavuni mwa ndege. Nikimfokea huniita kwa jina, "Dhahabu, gari lisilo na uchafu halijaenda popote." Nami ni mtu ambaye vumbi likitua mezani sikai chini mpaka nilipanguse. Mungu anajua alivyotuoanisha.

Tuna mtoto mmoja tu, Ahmad. Alipotaka kuingia jeshini, babake alikataa katakata. "Meli zikirudi, mimi ndiye ninayepaka rangi palipotoboka," alimwambia. "Ukitoka mlango huu kwenda huko, salamu yako sitaiitikia tena." Ahmad akatoka. Na Tsuma, yarabi, ni mtu wa neno lake.

Miaka minne! Mtoto akipiga simu kutoka huko kaskazini, mpakani, anakoendesha lori la jeshi, hunambia, "Mayo, mwambie baba shikamoo." Nageuka, "Haya, shikamoo yako hiyo." Tsuma husema, "Nimesikia." Marahaba haimtoki. Nilikuwa naogopa jambo moja tu: mmoja wao afe kabla ya hiyo marahaba. Kila sala nilikuwa nikiomba lisitokee, nikajiona kama namchosha Mungu.

Siku moja Ahmad akanitumia picha, ameegemea lori lake, anacheka. Tokea hapo Tsuma akawa kila mara anaiazima simu yangu. Ati aangalie saa. Na saa ukutani ipo! Nikamnyatia kibandani nikamkuta ameweka rula juu ya kioo cha simu, anampima mwanawe lori. Nilirudi jikoni nikalia, kisha nikapika mahamri.

Kuliunda lori hilo, dogo la mezani, kulimchukua miezi mitatu. Turubai alilishona mwenyewe kwa kitambaa cha kanzu yake kuukuu. Pichani bampa ya mbele, upande wa kushoto, imebonyea, naye akaibonyeza papo hapo kwa kichwa cha msumari. Mwisho akachota udongo mwekundu wa barabara yetu, akauchekecha kwa kichujio changu cha chai, akaupaka kwenye magurudumu. Kichujio cha chai! Siku hiyo peke yake sikumgombeza.

Ndipo Ahmad akapewa likizo ya siku tisa. Alipoingia nilimkumbatia, na kabla hajamaliza maji ya kunywa nilikuwa nimeshalibeba begi lake. Nilifua magwanda, nikasugua viatu vya buti kwa brashi mpaka ndani ya nyuzi, begi lenyewe nikaliloweka. Maji yalitoka meupe kama tui, nikayamwaga. Nilikuwa na furaha, nanyi mnajua mikono yangu ikifurahi hufanya nini.

Tsuma aliporudi kutoka msikitini, kijana akasimama. "Shikamoo, baba." Tsuma akakohoa, akapita kwenda kibandani. Ikawa hivyo siku saba. Walikuwa wakila sinia moja, mikono ikikutana kwenye wali, na maneno hamna. Niliona siku zinaniishia.

Siku ya nane nikampa Ahmad kikombe cha chai. "Mpelekee babako kibandani." Nikamfuata nyuma, nikasimama mlangoni. Kikombe hakikufika. Ahmad aliliona lori, akakiweka chini, akapiga magoti mbele ya meza.

"Hili langu," alisema. "Mpaka bampa."

Tsuma akawa anafuta brashi ambayo ilikuwa safi.

"Lakini baba, vumbi silo. Kule si jekundu. Ni jeupe."

Fundi wa miaka yote hiyo kuambiwa amekosea, na nani? Nikajua basi, tumekwisha. Tsuma akainua uso.

"Jeupe vipi? La chokaa, au la jivu?"

Wallahi, hayo ndiyo maneno yake ya kwanza kwa mwanawe kwa miaka minne.

"Katikati," alisema Ahmad. "Laini. Linaingia hata kwenye saa."

"Niletee nilione."

Mtoto akakimbilia buti: zinang'aa. Begi: linanukia sabuni. Magwanda: yamekunjwa, safi mpaka kwenye mishono. Wote wawili wakanigeukia.

"Dhahabu! Umefua!" Tsuma akamaka.

"Ala! Nisifue?" nikasema. Maji yakimwagika hayazoleki, nami niliyamwaga kwa mkono wangu.

Ahmad akafikiri, akaingia chumbani mbio, akatoka na mswala wake. Siku aliyofika aliutoa begini mwenyewe asali laasiri, ndiyo maana sikuupata. Alitandaza gazeti, akaupiga mswala kwa kiganja pale paji la uso linapogusa. Likadondoka vumbi jeupe, halijai kijiko cha chai. Tsuma akafuta jekundu lote kwa kitambaa kibichi, akangoja pakauke, akalitia lile jeupe kwa brashi nyembamba, Ahmad akimwelekeza. "Hapa zaidi, baba. Kwenye ngazi ya dereva halikai, nakanyaga." Nikauliza mbona halipakwi vanishi lishike. Tsuma akasema vanishi italilowesha, litageuka rangi, litakuwa si lile tena.

Kulipokucha Ahmad alisimama mlangoni na begi lake. "Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Marahaba."

Alisema mara mbili. Nilihesabu.

Sasa ni miezi kumi na moja. Likizo hazitoki, na simu hushika kwa nadra. Nina hamu na mwanangu mpaka kifua kinauma, na Tsuma naye, ingawa yeye husema ni mgongo. Lori liko sebuleni, kwenye kabati. Na hivi karibuni nimeona jambo: vumbi letu jekundu la Shika Adabu limeanza kulitulia. Kwanza turubai, sasa linashuka kwenye magurudumu. Nimesimama mbele yake na kitambaa mkononi si mara moja. Nikilipangusa hilo jekundu, na jeupe litaondoka nalo. Nikiliacha, litafunikwa.

Juzi Tsuma alinikuta hapo. "Usiguse," akasema taratibu.

"Sijagusa."

Akazunguka sebule nzima akifunga madirisha, moja moja. Joto la mwezi huu mnalijua. Tunakaa humo, tunatoka jasho, na hakuna anayefungua.