Dawa ya Mwili

Wateja walimwita Sindano, wakidhani wanamsifu. Fundi wa nguo za harusi mwenye kiuno kama kile ni tangazo tosha, na shangazi yake, aliyeishi naye vyumba viwili nyuma ya duka la cherehani, alilitangaza bila kuombwa. "Mwoneni mwanangu! Anakula mkate mzima na mwili hauongezeki hata chembe. Damu yetu hiyo!" Damu hiyo ilimpita shangazi mwenyewe kando, lakini nani angethubutu kumwambia?

Mkate mzima aliula kweli. Aliula na wa pili, wima, kama anayekimbizwa, kisha akaingia bafuni, akafungulia bomba hadi mwisho na kutapika yote. Shangazi alilisikia bomba hilo miaka nenda miaka rudi. Alicholalamikia ni maji.

Siku alipotapika damu, Sindano aliingiwa na hofu, akaenda hospitali. Daktari akamwandikia vidonge vya sonona.

"Mimi sina huzuni," Sindano akabisha, machozi yakimtiririka.

Daktari hakubishana naye. Alimweleza kwamba vidonge hivyohivyo hupunguza ule mshawasha wa kula na kutapika, ila avinywe kila siku, asiviache ghafla, na arudi wazungumze.

Nyumbani, shangazi alikiona kichupa kabla hakijatua mezani. "Dawa ya nini hiyo?"

Katika nyumba ile, sonona lilikuwa jina la adabu la wazimu. "Ya mwili tu, shangazi."

Sindano alimaanisha afya. Shangazi, ambaye harusi ya mpwa wake mwingine ilikuwa imekaribia na gauni lake mwenyewe la kuvaa siku hiyo halifungi zipu, alisikia kwamba siri ya kiuno hatimaye imefichuka. Akaanza kujihudumia kwa kificho, na akijisikia mlafi huongeza kimoja. Usingizi ukamruka, kinywa kikamkauka, kichefuchefu kikamkaba, na yote aliyapokea kwa furaha: mafuta yanayeyuka hayo!

Sindano naye alikuwa ameanza kupata nafuu, bomba limenyamaza. Kisha kichupa kikaisha kabla ya wakati. Akaona haya kurudi kuomba kingine, na haikuchukua muda mkate ukamrudisha bafuni.

Siku ya kujaribu gauni, zipu iligoma palepale ilipogomea mwanzo. Shangazi akaja juu. "Dawa yako feki! Nimeimeza mpaka nakesha kama popo, na zipu ndiyo kwanza inanicheka!"

Hasira zilimpanda Sindano hadi akasahau haya. "Ni dawa ya sonona, shangazi! Ya kunizuia nisile nikatapika! Wewe umeimaliza, mimi nimerudi kutapika!"

Shangazi alijishika kichwa, kwanza kuhakikisha akili bado zimo. Kisha akanywea. "Lile bomba," akasema polepole. "Na mimi nikakugombeza kwa maji." Aliona aibu, na kwa mara ya kwanza hakuificha kwa kelele. Kesho yake alimsindikiza hospitali, akaungama wizi wake kabla hajaulizwa, akakaripiwa kama mtoto.

Harusi ilipita, gauni likiwa limepanuliwa. Miezi kadhaa baadaye mteja mmoja aliingia dukani, akamkagua fundi toka juu hadi chini. "Sindano! Mbona umeongeza mwili?"

Cherehani ikanyamaza. Macho ya Sindano yakaenda mlango wa bafu. Mbele ya mlango huo shangazi alikuwa ameweka kiti, anachambua vifungo, wala hakuonyesha nia ya kupisha mtu.

"Wewe," akamwambia mteja, "umekuja kupimwa au kupima?"